Makosa ya Kunakili: Kwa Nini Virusi vya UKIMWI Havitoki Mwilini

Yapo maneno ambayo husikika mara kwa mara katika vijiwe vya kahawa, katika foleni za hospitali na hata katika hotuba za waheshimiwa: kwamba UKIMWI hauna dawa kwa sababu kirusi chake ni kijanja, hujigeuza kama kinyonga. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli ikiachwa bila ya nusu yake ya pili yaweza kudhuru kuliko uwongo mtupu. Mgonjwa aambiwaye kwamba adui yake hubadilika kila uchao ana haki ya kuuliza: basi vidonge hivi ni vya nini? Na kiongozi aaminiye vivyo hivyo hukosa sababu ya kuhangaika pale bohari ya dawa inapokuwa tupu.

Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mwaka ule ule ambao Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipokitenga kirusi chenyewe. Miongo minne imekwisha pita. Ni muda wa kutosha kwa wananchi kuelezwa jambo hili kwa ukamilifu: kirusi hubadilika vipi, kwa nini mabadiliko hayo hukifanya kidumu mwilini, na ni wapi ambapo mabadiliko hayo hukoma.

NAKALA ISIYO NA MSAHIHISHAJI

Maagizo yote ya kukiunda kirusi cha UKIMWI yameandikwa katika uzi wa RNA wenye herufi za kikemia zipatazo 9,700 na jeni tisa tu. Herufi hizo zingepigwa chapa kwa mashine zingejaza kurasa tano hivi. Kirusi kinapoingia katika chembe nyeupe ya damu, hasa zile ziitwazo CD4, hakiwezi kufanya kazi kabla ya kuigeuza RNA yake kuwa DNA na kuipachika katika DNA ya chembe hiyo. Kazi ya kugeuza hufanywa na kimeng'enya ambacho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani. Ugunduzi huo uliwapatia fungu katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 1975, kwa kuwa hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba habari za urithi hutoka katika DNA kwenda katika RNA, na kamwe hazirudi nyuma.

Kimeng'enya hiki ni karani mwenye haraka na asiye na msahihishaji. Chembe ya binadamu inaponakili DNA yake huipitia upya na kuirekebisha, hata kosa linalosalia huwa moja tu katika herufi kama bilioni moja. Kimeng'enya cha kirusi hakina uwezo wa kurudia kusoma kilichoandika. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba hukosea takriban mara moja katika kila herufi 30,000. Kwa kuwa kurasa zake zina herufi 9,700, maana yake ni kwamba katika kila nakala tatu, moja hivi huwa na kosa jipya.

Kosa moja katika nakala tatu si kitu kikubwa kama nakala ni chache. Lakini nakala si chache. Hadi katikati ya miaka ya 1990 wengi waliamini kwamba katika ile miaka minane au kumi ambapo mwambukizwa haonyeshi dalili, kirusi huwa kimelala. Mwaka 1995 na 1996 uchunguzi wa David Ho, Alan Perelson na wenzao uliibomoa imani hiyo. Ilidhihirika kwamba katika mtu asiyetumia dawa, virusi kiasi cha bilioni 10 huzalishwa kila siku, na chembe inayovizalisha huishi siku mbili tu hivi kabla ya kufa. Ule ukimya wa miaka mingi ulikuwa ni ukimya wa nje tu. Ndani palikuwa na vita isiyopumzika. Katika hali hiyo, kila badiliko la herufi moja linalowezekana kutokea, hutokea mara nyingi katika siku moja.

Juu ya hayo, kila kirusi hubeba nyuzi mbili za RNA. Chembe moja ikivamiwa na virusi viwili vya nasaba mbalimbali, watoto wao huweza kubeba uzi mmoja wa huyu na mmoja wa yule, na kimeng'enya kinaponakili huruka kutoka uzi hadi uzi, kama fundi aungaye vipande vya kanga mbili kuwa vazi moja. Ndiyo sababu katika Afrika ya Mashariki, ambako nasaba A, C na D zimeenea pamoja, hupatikana pia virusi vingi vyenye asili mchanganyiko.

KINYONGA AU KIFARANGA?

Hapa ndipo mfano wa kinyonga unapopotosha. Kinyonga hubadili rangi yake mwenyewe, naye hubaki kuwa kinyonga yule yule. Kirusi hakijibadilishi, hakina nia, wala hakijui kwamba kinawindwa. Mfano ulio sahihi zaidi ni ule wa mwewe na vifaranga. Mama mwenye vifaranga weupe kumi na wawili wa kahawia akivamiwa na mwewe kila siku, baada ya mwezi atabakiwa na wale wa kahawia, kwa kuwa weupe huonekana kutoka mbali. Jirani atakayepita atasema kwamba vifaranga wamegeuka rangi. Hakuna kifaranga aliyegeuka rangi. Walioonekana wamechukuliwa, waliojificha wamebaki na kuzaana.

Hali ni hiyo hiyo kwa virusi. Makosa mengi ya kunakili hukidhuru kirusi chenyewe, na nakala hizo hufa. Mengine hayana athari yoyote. Machache, kwa bahati tu, hubadilisha sehemu ile ile ambayo kinga ya mwili au dawa hulenga. Mwewe anapopita, hao ndio wanaosalia. Kosa hutokea kwa bahati, lakini uteuzi si wa bahati. Anayeteua ni kinga ya mwili, au ni dawa. Na dawa ni kitu kilicho mikononi mwa binadamu. Jambo hili lina uzito mkubwa katika hoja inayofuata.

KINGA IFIKAYO IMECHELEWA

Katika majuma ya kwanza ya maambukizo, mwili hupigana kwa nguvu. Chembe maalumu za kinga huziua chembe zilizokwisha vamiwa kwa kutambua vipande vya protini ya kirusi vinavyoonekana juu yake. Muda si muda, virusi ambavyo vipande hivyo vimebadilika huanza kutawala. Aghalabu badiliko hilo lina gharama. Mathalani, watu wenye aina ya urithi wa kinga iitwayo HLA-B57 huishambulia sehemu moja ya protini ya ndani ya kirusi iitwayo Gag. Kirusi huponyoka kwa badiliko la asidi-amino ya 242, lakini baada ya hapo huzaana kwa taabu. Kikihamia kwa mtu asiye na urithi huo, polepole hurudia umbo lake la awali. Yaani badiliko lile lilikuwa mzigo, nacho huutua mara tu mwewe anapoondoka.

Kingamwili, ambazo ni protini za damu zinazonasa virusi, hupata shida kubwa zaidi. Ganda la nje la kirusi limefunikwa kwa sukari nyingi ambazo zimetengenezwa na chembe za mwili wenyewe, na kwa hiyo mwili huziona kama zake. Tafiti zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha jambo la kusikitisha: mwambukizwa hutengeneza kingamwili zilizo barabara kabisa za kukinasa kirusi chake cha miezi kadhaa iliyopita, lakini si kile cha leo. Kinga haikosi bidii. Hufika kila mara mgeni akiwa amekwisha ondoka.

Lakini yafaa tahadhari hapa. Kirusi cha surua pia ni cha RNA, na kimeng'enya chake nacho hakina msahihishaji. Hata hivyo, chanjo ya surua iliyotokana na kirusi kilichotengwa mwaka 1954 ingali inawakinga watoto hadi leo, na anayeugua surua akapona, kinga yake humtosha maisha yake yote. Basi makosa ya kunakili peke yake hayatoshi kueleza udumifu. Tofauti ni kwamba ganda la kirusi cha surua halivumilii mabadiliko; likibadilika sana, kirusi hakiwezi tena kuingia katika chembe. Ganda la kirusi cha UKIMWI huvumilia mengi. Zaidi ya hapo, surua hufukuzwa mwilini katika majuma machache, hali UKIMWI hupewa miaka ya kuzaana na mahali pa kujificha. Ni mchanganyiko wa mambo haya matatu, yaani makosa, ganda lenye kuvumilia na maficho, unaoleta udumifu.

Mchanganyiko huo umewashinda watengenezaji wa chanjo hadi sasa. Jaribio la kwanza kubwa lilishindwa mwaka 2003. Jingine lilisimamishwa mwaka 2007. Jaribio la Thailand lililotangazwa mwaka 2009 lilileta kinga ya asilimia 31 hivi, nalo liliporekebishwa na kurudiwa Afrika ya Kusini lilisimamishwa mwaka 2020. Mwaka 2023 utoaji wa chanjo ulisitishwa pia katika jaribio lililofanyika Uganda, Tanzania na Afrika ya Kusini. Hakuna aibu katika hayo. Wananchi walioyatoa maungo yao kwa majaribio hayo wamelisaidia jopo zima la sayansi kujua njia zipi hazifiki.

HESABU YA DAWA TATU

Dawa ya kwanza, AZT, iliruhusiwa mwaka 1987. Kufikia mwaka 1989 ilikwisha ripotiwa kwamba virusi vya wagonjwa walioitumia kwa miezi sita au zaidi havikuisikia tena. Wasiwasi ulikuwa mkubwa, na wapo waliokata tamaa. Lakini aliye na hesabu hakukata tamaa.

Tuseme, kwa makisio ya juu juu, kwamba uwezekano wa nakala moja kupata badiliko fulani maalumu ni mmoja katika 100,000. Kwa kuwa chembe zinazovamiwa kila siku ni mamilioni mengi, badiliko hilo litapatikana kwa urahisi leo hii, hata kabla mgonjwa hajameza kidonge. Uwezekano wa nakala hiyo hiyo kupata mabadiliko mawili maalumu kwa pamoja ni mmoja katika bilioni 10. Hilo ni la nadra. Uwezekano wa kupata matatu ni mmoja katika milioni mara bilioni moja. Hilo halitegemewi kutokea. Hii ndiyo siri ya dawa tatu kwa pamoja, ambazo tangu mwaka 1996 zimeugeuza UKIMWI kutoka hukumu ya kifo kuwa maradhi ya kuishi nayo. Kile kilichodhaniwa kuwa nguvu isiyo na kikomo ya kirusi kilikuwa na kikomo chake, na kikomo hicho kilipatikana kwa kalamu na karatasi.

Ila hesabu hiyo ina sharti moja: dawa zote tatu ziwepo mwilini wakati wote. Hapa historia ya Afrika ya Mashariki ina somo lake. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kampala, yaliyoonyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na tone moja kwa mtoto, kilipunguza maambukizo ya mtoto karibu kwa nusu, kikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Ulikuwa ushindi, na watoto wengi wamekua kwa sababu yake. Lakini nevirapini hukaa katika damu kwa majuma kadhaa ikipungua polepole, tena ikiwa peke yake. Kwa akina mama wengi virusi vyenye badiliko la asidi-amino ya 103 vikateuliwa, na dawa za jamii hiyo zikapungua nguvu pale mama mwenyewe alipozihitaji. Mwewe alikuwa mmoja, naye alipita mara moja. Tangu hapo mafunzo yalipatikana, na mama hupewa dawa tatu kwa maisha yake yote.

Mgonjwa aachaye dawa kwa juma moja na kuzirudia huurejesha mwaka ule wa 1989 ndani ya damu yake. Dawa hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja. Ile ikaayo zaidi hubaki peke yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha vidonge vyao wakiamini wamepona. Haifai kuwacheka, tumaini ni haki ya kila mgonjwa. La kuuliza ni hili: je, walikuwa wamewahi kuelezwa na yeyote kwamba kirusi kisichozaana hakibadiliki, na kwamba kikiachiwa kuzaana hurudi kikiwa na watoto wa rangi nyingine?

MAFICHO

Nusu ya pili ya ukweli ni hii. Mwaka 1997 makundi kadhaa ya watafiti yalithibitisha kwamba hata kwa mgonjwa ambaye virusi havionekani tena katika damu, DNA ya kirusi hukaa kimya ndani ya chembe za CD4 zilizopumzika, chembe kama moja katika kila milioni. Chembe hizi ndizo kumbukumbu za kinga na huishi miaka mingi. Kwa mwendo zinavyopungua, ilikadiriwa kwamba ingehitajika zaidi ya miaka 70 ya kumeza dawa ili ziishe. Dawa huzuia kunakili. Haziwezi kukigusa kisichonakiliwa. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi katika muda wa majuma machache.

Basi yafaa itofautishwe. Kwa mtu asiyetumia dawa, kirusi hudumu kwa sababu hubadilika kuliko kinga inavyoweza kufuata. Kwa mtu anayetumia dawa barabara, kirusi hudumu kwa sababu kimejificha, wala si kwa sababu kinabadilika. Sehemu kubwa ya tafiti zilizolinganisha jeni za virusi vya wagonjwa hawa mwanzoni na baada ya miaka mingi ya dawa hazikuona mabadiliko ya maana. Chembe iliyoficha kirusi ikigawanyika, DNA yake hunakiliwa na vimeng'enya vya binadamu, vile vyenye msahihishaji. Hivyo hutoka nakala safi. Tena nyingi ya DNA zilizofichwa, zaidi ya tisa katika kumi, ni mbovu na haziwezi kuzaa kirusi kamili. Makosa yale yale yaliyokisaidia kirusi yameyajaza makaburi yake.

Lakini maficho ni kumbukumbu pia. Badiliko la usugu lililopata kuteuliwa mara moja huwekwa humo pamoja na mengine, nalo hungoja. Dawa iliyoharibiwa leo yaweza kuwa imeharibika kwa mtu huyo hata baada ya miaka 10.

WAJIBU

Kutokana na hayo, mambo matatu hayana budi kusemwa waziwazi.

Kwanza, kukatika kwa dawa katika bohari si upungufu wa utawala tu; ni jambo la kibaiolojia. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Ingawa ruhusa maalumu ilitolewa baadaye kwa huduma za kuokoa maisha, kliniki na watumishi katika nchi nyingi za Afrika walikwisha tikiswa. Mpango wa misaada hiyo, ulioanza mwaka 2003, umeokoa mamilioni ya watu na unastahili shukrani. Hata hivyo, taifa ambalo uteuzi wa virusi vyake hutegemea kalamu ya mtu aliye ng'ambo ya bahari limemkabidhi mwewe wake kwa jirani. Dawa za kutumika sasa, zenye dolutegraviri ndani yake, zilizoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2019, ni ngumu zaidi kwa kirusi kuzizoea. Ngumu, lakini si muhali. Akiba yake yafaa ihesabiwe kama akiba ya chakula: kwa miezi, si kwa majuma.

Pili, usomaji wa jeni za virusi usihesabiwe kuwa anasa ya mataifa tajiri. Ipo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda huko Entebbe, iliyoanza mwaka 1936. Ipo KEMRI ya Kenya. Vipo vyuo vikuu na maabara za utafiti nchini Tanzania. Wakati wa janga la UVIKO-19 mitambo na ujuzi wa kusoma jeni viliongezeka Afrika. Mitambo hiyo isiachwe ishike vumbi. Nasaba zilizoenea hapa si zile za Ulaya na Marekani, na chanjo au kingamwili ya kesho itakayopimwa kwa nasaba za wengine peke yake yaweza kufika hapa ikiwa imechelewa, kama kinga ya mwili ichelewavyo.

Tatu, mgonjwa aelezwe. Usugu wa dawa mara nyingi husemwa kana kwamba ni dhambi yake: hakumeza, hakuwa mwangalifu. Wapo wasiomeza. Lakini wapo waliotembea kilomita nyingi wakakuta dirisha limefungwa, na wapo waliopewa vidonge bila maneno. Kifaranga wa kahawia huzaliwa popote mwewe anapopita nusu nusu, hata kama aliyemzuia mwewe ni karani wa bohari na siyo mwenye kuku.

Sayansi ingali inatafuta mahali ambapo kirusi hakiwezi kubadilika bila ya kufa. Sindano ya lenakapaviri, inayolenga ganda la ndani la kirusi na kutolewa mara mbili tu kwa mwaka, ilipimwa Uganda na Afrika ya Kusini. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika wasichana na wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hayo ni matumaini yenye hesabu. Hadi maficho yatakapopatiwa dawa, linalojulikana ni hili, nalo latosha kumwongoza mgonjwa na waziri kwa pamoja: kirusi kisichonakiliwa hakikosei, na kirusi kisichokosea hakina mlango wa kuponyokea. Kuufunga mlango huo ni kazi ya kila siku, na kila siku ambayo kidonge hakipo, mlango hubaki wazi.